Duko, Kilia na Macho ya Samaki

Msomaji, ukipita Gerezani siku ya Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakaza, utasikia sauti mbili zikishindana: nyundo za mafundi bodi na mngurumo wa kompresa. Ukiifuata hiyo sauti ya pili utatufikia sisi, watu wa rangi. Utatujua kwa kucha. Kucha za fundi rangi zimebeba historia ya wiki nzima: chini kabisa puti, juu yake prima ya kijivu, na juu ya prima ni rangi ya gari la mwisho kulipiwa.

Mimi ni kijana wa hapo. Mchana napiga msasa, usiku naandika. Washikaji wa kijiweni hunicheka, wanasema mwandishi gani huyu ananuka tina. Wacheke tu. Kazi hizi mbili kwangu ni ndugu: zote zinaanza kwa kusugua na kufuta, na zote huharibikia mwishoni, pale mtu anapokuwa na haraka ya kuona mng'ao.

Ninachotaka kuwasimulia leo ni historia ya ule mng'ao wenyewe, yaani rangi ya gari na ile ngozi ya juu isiyo na rangi tunayoiita kilia. Ni historia ya makosa kuliko ya ufundi. Niliianza kuitafuta kwa sababu ya mlango mmoja wa gari, na kwa sababu ya jambo nililolinyamazia.

MLANGO WA BLUU

Gari lilikuwa la mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Gari dogo, la bluu, kalinunua kwa kudunduliza. Alikwanguliwa upande mzima na daladala, akaja kwa mjomba wangu na fedha mkononi, tena fedha za chama cha kuchangiana. Tulikuwa watatu kwenye kazi ile: mjomba, mimi, na kijana mmoja wa Mbagala aliyekuwa akifanya deiwaka. Rangi ya chini ilikaa vizuri, hata mjomba akacheka. Kisha akachukua bunduki mwenyewe kupiga kilia, maana kilia hamwachii mtu.

Haikupita dakika. Mlango wa nyuma ulianza kufunguka vitobo, vya mviringo, kila kimoja kama punje ya dengu, chenye ukingo ulionyanyuka pembeni na katikati utupu. Kwanza vitatu, halafu kumi, halafu hesabu ikatushinda. Mjomba akashusha bunduki.

"Macho ya samaki," alisema. Halafu akageuka. "Nani kaushika mlango huu?"

Yule mwenzangu ndiye aliyeufuta mara ya mwisho. Na asubuhi ile alikuwa amekula chipsi mayai akiwa amekaa juu ya ndoo palepale karibu. Mjomba hakutaka kusikia zaidi. Alimwambia avue ovaroli aende kwao, na fedha ya wiki itafidia kilia na tina iliyopotea. Kijana alijaribu kujitetea, "Mzee, mikono nilinawa na sabuni," lakini nani anamsikiliza deiwaka?

Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa, naangalia chini. Asubuhi ileile, upande wa pili wa uwanja, nilikuwa nimeng'arisha matairi ya gari la mteja mwingine kwa dawa ya kopo ya kupuliza. Alinipa elfu mbili pembeni. Upepo ulikuwa unavuma kuja kwetu. Sikuwa na hakika, nilikuwa na shaka tu. Nikajificha ndani ya shaka hiyo kama mtu anavyojificha ndani ya daladala iliyojaa.

Nikaanza kusoma. Cha maktaba nilikisoma maktaba, cha kwenye simu nilikisoma kwenye simu mpaka bando likakata. Nilitaka kujua kama ni mimi.

VANISHI NA SUBIRA

Mjomba huita rangi yoyote ya gari "duko". Alilirithi neno hilo kwa fundi wake, na fundi wake kwa fundi aliyemtangulia. Nilidhani ni neno la kwetu, kumbe lina cheti cha kuzaliwa. Duco ilikuwa jina la biashara la rangi ya kampuni ya DuPont ya Marekani, iliyoingia kwenye magari mwaka 1923. Lakini ili tuelewe kwa nini jina la rangi moja liwe jina la rangi zote, turudi nyuma kidogo.

Magari ya kwanza yalirithi rangi yake kutoka kwa magari ya kukokotwa na farasi. Ilikuwa rangi ya mafuta na vanishi, ikipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likisubiriwa likauke, lisuguliwe, ndipo lije jingine. Gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa kwenye rangi peke yake. Kasoro za zama zile zilikuwa kasoro za subira: michirizi ya brashi, vumbi na wadudu walionasa, vanishi kugeuka njano na kupasuka.

Mwaka 1908 Henry Ford alitoa gari lake la Model T, na mwaka 1913 akaanzisha kiwandani Highland Park ule mstari unaotembea, gari linasogea na mfanyakazi anasimama. Mstari huo haukuweza kumngoja mpaka rangi. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 Model T zilitoka nyeusi tu. Wengi hudhani zilikuwa nyeusi tangu siku ya kwanza. Si kweli, za mwanzo zilikuwa na rangi nyingine. Nyeusi ilishinda kwa sababu ilikuwa rahisi, imara, na ilivumilia kuokwa kwenye tanuri.

Hapo ndipo inaingia DuPont, kampuni iliyoanza mwaka 1802 kwa kutengeneza baruti. Duco ilitengenezwa kwa nitroselulosi, yaani pamba iliyolowekwa kwenye mchanganyiko wa asidi kali. Mkemia Christian Schönbein aliitangaza pamba hiyo mwaka 1846, si kama rangi bali kama kilipuzi. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha mwaka 1918, viwanda vya vilipuzi vilibaki na uwezo mkubwa bila mtu wa kumlipua. Pamba ileile ikayeyushwa, ikapunguzwa uzito, ikawa rangi. Magari ya Oakland, ya shirika la General Motors, yalitangulia kuivaa. Wiki zikawa siku. Rangi zikarudi barabarani, bluu, kijani, nyekundu, na ilipofika modeli ya 1926 hata Ford mwenyewe alikuwa amerudisha rangi nyingine.

Tena usidhani rangi ni jambo dogo la urembo. DuPont ilikuwa na hisa nyingi ndani ya General Motors, na mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba umiliki ule ulivunja sheria ya ushindani. Moja ya hoja kubwa ilikuwa mauzo ya rangi na vitambaa vya magari. Kesi ya mabilioni, na katikati yake kopo la duko.

BUNDUKI YA DAKTARI

Duko ilikauka upesi mno kwa brashi. Ilihitaji kupulizwa. Na kifaa cha kupulizia kilikuwepo tayari, kimetoka mahali ambapo hungedhani. Katika miaka ya 1880 daktari mmoja wa Toledo, Ohio, Allen DeVilbiss, alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kwenye koo za wagonjwa. Mwanawe, Thomas DeVilbiss, akakiendeleza mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa bunduki ya rangi. Msomaji, likumbuke koo hilo, tutalirudia.

Bunduki ilifuta michirizi ya brashi, ikazaa watoto wake. Mtoto wa kwanza tunamjua sana sisi watu wa pwani: ukungu. Unapuliza rangi ya nitroselulosi siku ya masika, inameta, unageuka kuchukua kitambaa, ukirudi imekuwa nyeupe kama kioo kilichohemewa. Mafundi wengi husema tina mbovu. Mara nyingine ni kweli, lakini sababu yenyewe ni baridi. Tina inapotoroka hubeba joto, na uso wa bati hupoa ghafla, kama mkono uliopakwa spiriti kabla ya sindano. Hewa ya Dar imejaa maji. Ikigusa uso uliopoa, maji hutua, na maji yakiingia kwenye rangi ile huigandisha vipande vidogo vyeupe. Dawa yake ni tina inayokauka polepole zaidi, au kungoja unyevu upungue. Ndiyo maana mjomba mvua ikinyesha hukaa chini akanywa kahawa, na mteja akigomba humwambia, "Bosi, siwezi kugombana na bahari."

GANDA LA CHUNGWA NA MACHOZI

Kasoro mbili zinazotesa mafundi kuliko zote ni ganda la chungwa na machozi. Ganda la chungwa ni pale kilia inapokauka na vibonde vidogovidogo, ukiangalia taa ya dukani ndani yake unaiona imevunjika vipande. Machozi ni pale kilia inapoteremka na kuganda ikiwa njiani. Mwanafunzi wa kwanza hupata ganda la chungwa kwa sababu anaogopa machozi. Siku ya pili hupata machozi kwa sababu amegombezwa kwa ganda la chungwa. Mimi nilizunguka humo mwaka mzima.

Kumbe wataalamu nao wamezunguka humo zaidi ya karne. Mwaka 1855 James Thomson wa Ireland aliandika kuhusu matone yanayopanda na kushuka ndani ya bilauri ya mvinyo. Mwaka 1865 Mwitaliano Carlo Marangoni alilifanya jambo hilo kuwa tasnifu ya chuo kikuu. Walichokiona ni hiki: kila kimiminika kina mvutano kwenye uso wake, kama ngozi ya ngoma. Penye mvutano mkubwa huvuta kimiminika kutoka penye mvutano mdogo. Mwaka 1900 Mfaransa Henri Bénard alipasha moto tabaka jembamba la kimiminika akaona linajigawa lenyewe vyumba vyumba kama sega la nyuki. Na mwaka 1958 Mwingereza J. R. A. Pearson akaonyesha kwa hesabu kwamba mvutano wa uso peke yake unaweza kuzaa vyumba hivyo katika tabaka jembamba. Alikuwa akifikiria nini? Rangi inayokauka.

Miaka michache baadaye, mwaka 1962, S. E. Orchard akatoa hesabu ya jinsi rangi mbichi inavyojisawazisha. Hapo niliposoma nilifunga simu nikakaa kimya. Ukiongeza unene wa tabaka mara mbili, kasi ya kujisawazisha huongezeka mara nane. Ndiyo maana kilia nyepesi, iliyopulizwa kwa woga, hubaki na vibonde. Lakini kiasi cha rangi kinachoteremka kwenye mlango uliosimama nacho huongezeka mara nane kwa unene uleule. Kinachokuokoa ndicho kinachokuangusha! Tena kuna jingine: wimbi likiwa pana mara mbili, huchukua muda mara 16 kulala. Mikwaruzo midogo hufutika yenyewe, lakini vibonde vipana hubaki mpaka kilia inaganda.

Kwa hiyo njia ya kupita kati ya ganda la chungwa na machozi ni nyembamba kweli, wala si uzembe wa mwanafunzi peke yake. Unapita kwa mambo manne. Bunduki iwe umbali wa kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, na mkono utembee sambamba, usipinde kama unafagia. Kila mpito ufunike nusu au zaidi ya mpito uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe la wastani, ungoje lishike, ukiligusa pembeni kwenye karatasi linate lakini lisivutike uzi, ndipo lije la pili lililolowa. Na uzito wa mchanganyiko uwe ule ulioandikwa kwenye kopo, si ule wa macho. Ukishakosea, si mwisho wa dunia: kilia ikikomaa unaisugua na maji kwa msasa namba 1500, kisha 2000, unarudisha mng'ao kwa dawa ya kupolishi. Ila kila unaposugua unakula ngozi, na ngozi yenyewe, tabaka zote za kilia pamoja, ni kama sehemu ya ishirini ya milimita.

DAWA YA NDEGE ZA VITA

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Mwaka 1943, katikati ya Vita ya pili ya dunia, kampuni mbili za Marekani ziliungana kuanzisha Dow Corning, kwa ajili ya kutengeneza silikoni. Ndege za kivita zilipopanda juu sana, umeme wa kuwashia injini ulivuja kwa sababu ya unyevu na hewa nyembamba, silikoni iliuziba. Vita ikaisha. Kama ilivyokuwa kwa pamba ya vilipuzi, silikoni ikatafuta kazi ya uraiani, na moja ya kazi alizopata ilikuwa kwenye polishi ya magari. Polishi ya silikoni ilikuwa bomba: rahisi kupaka, mng'ao mkali, maji yanateleza. Wenye magari wakafurahi. Mafundi rangi wakaanza kulia.

Kwa nini? Kwa sababu mvutano wa uso wa silikoni ni mdogo sana, mdogo kuliko wa rangi nyingi. Tone lisiloonekana kwa macho likiwa juu ya bati, kilia inayotua pale huvutwa kukimbilia pembeni, ambako mvutano ni mkubwa. Inakimbia pande zote kwa pamoja, inaacha duara tupu lenye ukingo. Jicho la samaki. Ni Marangoni yuleyule wa 1865, safari hii kwenye mlango wa mwalimu.

Mafuta ya chipsi nayo huweza kuleta vitobo, sikatai. Lakini mafuta ya chipsi hukaa pale mkono ulipogusa, na mlango ule ulifutwa kwa dawa ya kuondoa mafuta baada ya kijana kula. Silikoni ya kupuliza huruka na upepo, hutua popote, na ukiifuta kwa kitambaa kilekile kikavu unaisambaza tu. Vitobo vyetu havikufuata alama za vidole. Vilitawanyika mlango mzima, vingi zaidi upande ulioelekea matairi niliyokuwa nang'arisha.

Na kopo? Nililitafuta kwenye takataka nikalipata. Limeandikwa silikoni kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimelishika mkononi nusu saa nzima bila kulisoma, mimi ninayejiita mwandishi.

HADINA

Kilia tunayoipiga siku hizi si mtoto wa duko. Ni mtoto wa Ujerumani. Mwaka 1937, katika maabara za Leverkusen, Otto Bayer na wenzake waligundua kemia ya poliurethani: vimiminika viwili vikikutana vinashikana mikono na kuwa kitu kimoja kigumu. Ndiyo maana kilia inakuja makopo mawili, na aghalabu tunachanganya vipimo viwili vya kilia na kimoja cha hadina. Duko hukauka kwa kupoteza tina, na ukiimwagia tina tena inayeyuka. Kilia ya hadina ikishashikana hairudi nyuma.

Ilikuja kuenea kwa sababu ya rangi zenye chembe za alumini, zile zinazometameta. Chembe zile zikiachwa juu kabisa huharibiwa na hewa na mvua, basi viwanda vya Ulaya, kisha vya Marekani katika miaka ya 1980, vikazitenganisha kazi: rangi chini, kilia juu. Nayo ikaleta kasoro zake. Ukipiga nene ukaweka juani, uso huziba kabla tina ya chini haijatoka. Tina ikilazimisha njia, hutoboa vitundu kama vya sindano. Unyevu ukiingia kwenye hadina, maji na hadina hutoa gesi, nayo huacha mapovu. Na jua likipenya mpaka kwenye rangi ya chini, kilia hubanduka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Magari mengi ya miaka ile yalibanduka hivyo, mpaka viwanda vilipozidisha dawa za kuzuia jua ndani ya kilia. Hapa kwetu bado unayaona, boneti na paa vimevuliwa shati.

Mjomba anasema kilia aliijua ukubwani. Enzi za ujana wake, miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilikuwa hazipo, vipuri havipo, na kulikuwa na kipindi magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Rangi ilipatikana kwa kujuana. Mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na ruksa ikawa ruksa. Magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kushuka bandarini, usukani kulia kama wetu, yamevaa kilia tayari. Mafundi wa duko wakalazimika kujifunza upya, bila chuo wala kitabu, kwa kuharibu magari ya watu na kulipa.

Na wamelipa kwa namna nyingine pia. Kile kitu kilichomo ndani ya hadina huitwa isosayaneti. Ni mojawapo ya sababu zinazojulikana sana za pumu ya kazini kwa wapiga rangi. Huwezi kukitegemea kwa harufu; kinaweza kukudhuru kabla pua haijakisikia. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakikizuii. Bunduki za zamani zilipoteza zaidi ya nusu ya rangi hewani, na ni sheria za hewa chafu za California, mwishoni mwa miaka ya 1980, zilizosukuma mafundi kuhamia bunduki za upepo mwingi na presha ndogo, isiyozidi 10 kwenye mdomo kwa kipimo cha pauni, ili rangi nyingi zaidi itue kwenye gari.

Mjomba amepiga kilia kwa leso zaidi ya miaka 20. Usiku anakaa kitandani, hawezi kulala chali, anapumua kwa mluzi. Nilizoea kusema ni vumbi la mji. Bunduki iliyozaliwa kwa ajili ya koo la mgonjwa imemaliza kifua cha mjomba wangu.

KURUDI MLANGONI

Nilimwambia Jumapili jioni, nyumbani, baada ya chakula. Nilikwenda na lile kopo.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umebeba takataka ndani?"

Nikamweleza. Upepo, matairi, elfu mbili, silikoni. Nilidhani atanipiga. Alilishika kopo, akalisogeza mbali kidogo na macho kama watu wa umri wake wanavyosoma, akalizungusha.

"Ulijua tangu lini?"

"Nilishuku siku ileile, mjomba."

"Ukaniacha nimfukuze mtoto wa watu." Alinyamaza, akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Mlango nimeupiga upya. Mwalimu kachukua gari lake. Huyo kijana nani kampiga upya?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake tulikwenda Mbagala wawili, kwa daladala. Tulimkuta kijana kwenye kijiwe cha bodaboda. Mjomba akamwita pembeni, mtu mzima yule akaomba radhi mbele ya mtoto wa miaka 19, akampa fedha yake ya wiki na nyingine ya juu. Kisha akanitazama. Nikasema yangu. Ilikuwa fupi kuliko nilivyoipanga.

Kijana aliipokea ile fedha. Kurudi Gerezani alikataa kwa upole, "Nashukuru mzee, huku nimeshazoea." Mimi hakunijibu kitu. Sijui ningemjibu nini kama ningekuwa yeye.

Siku hizi kopo lolote la kung'arisha matairi haliingii uwanjani kwetu. Kitambaa cha kufutia mlango kinatumika mara moja kinatupwa, na vinatumika viwili, kimoja kupaka dawa na kingine kuifuta kabla haijakauka. Mjomba nimemtafutia barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa. Hata hiyo haitoshi kwa hadina, kinachotakiwa ni ile ya kuletewa hewa safi kwa bomba, na bei yake bado tunaidunduliza. Kwa sasa kilia napiga mimi, yeye anakaa mbali, upande upepo unakotoka, ananielekeza kwa mkono.

Rangi ya chini husamehe. Puti mbaya, msasa uliopita vibaya, alama ya kidole, vyote hukaa kimya chini yake. Kilia ikishatua kila kitu kinaonekana, na kinamwonyesha fundi wa mwisho, ingawa mkosaji alipita zamani. Ukiona kitobo, ndugu msomaji, usikimbilie kumtazama aliyeshika kitambaa. Uliza kwanza upepo ulikuwa unatoka wapi.